Taulo la Manjano

Juzi nilifungua saluni ya baba kule Overport, Durban, na nakwambia rafiki yangu, kilichonipiga kwanza ni harufu. Spiriti, poda ya watoto, mafuta ya mashine ya kunyolea, na nywele za watu zilizojificha chini ya viti tangu sijui lini. Ilikuwa wiki ya pili tangu tumzike. Mama alinisukumia funguo mezani kule Glenwood anakoishi sasa, akasema, "Nenda wewe, mwanangu. Mimi siwezi kuviona vile viti." Nikaenda na ufagio na mifuko, kichwani nimejipangia kwamba hii ni kazi ya saa mbili tu, nazoa, nafunga, narudi. Halafu nikavuta droo iliyo chini ya kioo. Ndani, chini ya vitana na nyembe, kulikuwa na kitenge cha mama, kile cha kijani chenye ndege wekundu, kimekunjwa vizuri kama nguo ya kanisani. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo chenyewe, nikajiona ninavyolia, sura mbaya kupita kiasi, na sikuweza kuacha.

Kitenge hicho ni cha safari ya meli. Nitakusimulia, ila usinihukumu mapema. Ngoja nimalize, kisha unihukumu kama bado utakuwa na hamu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi kwenye fleti ya vyumba viwili juu ya maduka, saluni ya baba ikiwa chini kabisa, kwa hiyo siku nzima tulisikia mashine yake ikinguruma sakafuni. Mama ni Mkenya, alikuwa muuguzi katika hospitali moja kubwa ya mjini. Baba alikuwa Mrundi, aliyeshuka Afrika nzima kwa malori na kwa miguu mpaka akaikuta bahari ya Durban, akasema hapa sasa hakuna tena pa kwenda. Mlangoni pa saluni alikaa jirani yetu, mama wa Kikongo, msusi, mwenye kigoda chake na sauti iliyofika hadi kwenye robot ya pili, zile taa za kuongoza magari. Nyumbani tulichanganya Kiswahili cha mama, cha baba na cha jirani, tukaongeza Kizulu cha barabarani na Kiingereza cha shule, na mdogo wangu wa kiume aliamini kwa miaka mitano kwamba hiyo yote ni lugha moja.

Sasa, lazima nikueleze jambo moja la baba, maana bila hilo hutanielewa. Baba alikuwa mtu wa kusindikiza. Mgeni akitoka kwetu hakuachwa mlangoni. Alisindikizwa ngazi zote, akavushwa barabara, akapelekwa hadi zinaposimama taksi, na taksi ikishaondoka baba alibaki palepale, mikono nyuma, mpaka ikate kona. Na mgeni naye alipaswa kugeuka nyuma na kupunga mkono. Asipogeuka, baba alirudi amenuna. "Yule hakugeuka," alikuwa akisema, na usidhani ni utani, alilirudia jambo hilo wiki nzima. Mama alimcheka sana kwa hilo. Akisema anakwenda dukani kununua vitunguu, alipunga mkono tangu jikoni.

Lakini mama alinieleza sababu. Baba aliondoka Bujumbura akiwa kijana, mchana, juu ya lori la mtu aliyekubali kumbeba papo hapo, na nyanya yetu alikuwa sokoni, hakujua. Hakuna aliyemwona akiondoka. Hakuwa na wa kumgeukia. Na nyanya yetu hakumwona tena maishani. Ndiyo maana.

Basi, Krismasi moja hospitalini kwa mama walichezesha bahati nasibu ya wafanyakazi, na mama, ambaye hajawahi kushinda hata sahani kanisani, akashinda safari ya meli ya kitalii. Chumba kimoja cha watu wanne, siku nne, kutoka Durban hadi kisiwa fulani cha Msumbiji na kurudi, likizo ya shule ya Pasaka. Weee! Jirani alipiga vigelegele vya kwao mpaka mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa akatoka nje na shuka shingoni kuuliza nani ameolewa. Mimi nilikuwa nimeziona meli hizo tangu nizaliwe. Kutoka juu kule kilimani Berea unaziona zimesimama bandarini, nyeupe, ndefu kuliko mtaa wetu. Haikuwahi kunijia kwamba watu wanaoingia humo ni watu wa kawaida wenye majina.

Mama alianza mara moja kufuatilia pasipoti za Kenya, yake na zetu sisi watoto. Baba alikuwa na karatasi yake ya ukimbizi, ile anayoipangia foleni kuihuisha, anayoitunza ndani ya plastiki na kuinyoosha kwa kiganja kila anapoitoa. Aliomba hati ya kusafiria, akaambiwa arudi. Akarudi, akaambiwa arudi. Mwishowe akaamua kwamba haihitajiki. Alimweleza kila mteja hesabu yake. "Hii meli si inatoka Durban? Na inarudi wapi? Durban. Sasa mimi nimehama nchi gani? Nimekaa tu ndani ya chumba, chumba kikazunguka." Wateja wakatikisa vichwa, wakasema sharp, mzee, uko sawa.  Nadhani mama alijua, ila hakuwa na moyo wa kumwambia mtu aliyekwisha kujinunulia kaptura ya bahari.

Siku ya safari mama alikuwa jikoni tangu asubuhi. Alipika chapati, maharage ya nazi, sambusa, mayai ya kuchemsha na chupa mbili za chai. Nikamwambia kwamba mwalimu alisema kwenye meli chakula ni tele, unakula mpaka unachoka. Akaniangalia kwa huruma. "Na kikiisha katikati ya maji, mwalimu wako ataogelea kutuletea?" Kikapu kikajaa, akakifunika kwa kile kitenge cha kijani chenye ndege wekundu. Jirani alifunga kigoda chake akaja nasi bandarini, maana hata yeye alitaka kuiona meli kwa karibu. Baba alivaa koti juu ya kaptura. Nacheka nikikumbuka, na kucheka kwenyewe kunauma.

Kwenye kaunta alikuwa dada wa Kizulu, mpole, kucha ndefu za waridi. Alipokea pasipoti zetu tatu akatabasamu. Akapokea ile plastiki ya baba, akaigeuza, akaigeuza tena, akamwita mkubwa wake. Baba akaanza kueleza hesabu yake ya Durban kwenda Durban kwa Kiingereza chake, taratibu, akichora duara kwa kidole juu ya kaunta. Foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa. Yule dada akasema, "Eish, baba. Samahani sana, baba." Alimwita baba kwa heshima ya kwao, kama binti yake, na nadhani hilo ndilo lililomvunja nguvu, akaacha kuchora duara.

Mama alisema basi, tunarudi nyumbani wote. Alianza hata kukusanya mabegi. Baba akamshika mkono. Hakuinua sauti. "Mama watoto, usinifanyie hivyo. Nikirudi na nyinyi leo, watoto watanikumbuka kwa jambo hili mpaka nife." Askari wakawa wamekwisha kutuambia kikapu hakiingii, chakula cha nje marufuku, hivyo baba akakichukua yeye. Kisha akachuchumaa mbele yangu. Alisema atakwenda hadi kwenye ule ukuta wa mawe, mdomoni mwa bandari upande wa Point, ambapo meli hupita karibu kabisa. Atasimama hapo na kitenge cha mama. "Simama upande wa kushoto. Mimi nitakupungia, na wewe unipungie, mpaka usinione tena. Umesikia? Wewe ndiye mkubwa." Nikasema ndiyo, Baba. Niliapa kwa kulamba kidole, kama tulivyofanya shuleni.

Ndani ya meli kulikuwa na zulia hata kwenye ngazi, na harufu ya maua ambayo hukuyaona popote. Tulifundishwa kuvaa majaketi ya kuokolea, kisha mama akaingia chumbani akajifunika uso kwa mto. Mdogo wangu naye akatapika, meli ikiwa bado imefungwa kamba. Mama akaniambia bila kuutoa mto, "Panda juu ukampungie baba yako. Mpungie na kwa niaba yetu." Nikapanda mbio, ghorofa kwa ghorofa, mpaka juu kabisa kwenye jua, ambako kulikuwa na muziki, watu wamekwisha kuvua mashati, mashine ya aiskrimu unayojivutia mwenyewe, na bomba la maji la kutelezea. La bluu, refu, linajizungusha mara tatu kabla ya kukutupa kwenye bwawa.

Unaona ninakokwenda. Nilijiambia niteleze mara moja tu. Foleni ilikuwa ya watoto kama ishirini. Honi ikalia, kifua changu chote kikatetemeka, na nikaona majengo yanaanza kusogea polepole sana. Nikasema bado. Mbele yangu wakabaki kumi. Nilikiona kilima cha Bluff kwa upande wa kulia, kijani kitupu, nikajua tunakaribia mdomoni, nikasema bado kidogo. Wakabaki watatu. Wakabaki wawili. Mtu yeyote aliyewahi kuwa mtoto anajua kwamba hutoki kwenye foleni wamebaki wawili. Nikateleza. Nilipiga kelele ya furaha, maji yakaniingia puani, nikatoka nikicheka, na niliposhika vile vyuma vya upande wa kushoto, ukuta wa mawe ulikuwa nyuma yetu mbali. Sikuona mtu. Nikapunga mkono, nikaushusha mkono, nikasimama pale natiririka maji mpaka baridi ikanipata. Kisha nikashuka nikamwambia mama, "Nimemwona. Alikuwa na kitenge."

Kuhusu safari yenyewe sina mengi. Kisiwa kilikuwa na mchanga mweupe unaounguza nyayo. Chakula kilikuwa tele kama alivyosema mwalimu, na mama kila asubuhi alifunga mikate midogo kwenye leso, ya kumpelekea baba. Usiku nililala vizuri, na hilo nalo linanikera hadi leo.

Tuliporudi alikuwa mlangoni pa jengo la abiria, mbele ya watu wote, amenyoa ndevu. Alimbeba mdogo wangu, akanishika kichwa. Mikate ilikuwa imekauka kama matofali, akaila yote jioni hiyo akiichovya kwenye chai na kusifia. Nilikuwa nasubiri swali. Nilikuwa nimeliandalia jibu. Lakini hakuniuliza, alisema yeye mwenyewe, "Nilikuona! Ulikuwa juu kabisa, unapunga taulo la manjano. Unapunga, unapunga, mpaka nikasema huyu mtoto atajirusha baharini." Nikamwangalia. Taulo za meli zilikuwa za bluu, zote. Nikaelewa papo hapo, au nilidhani nimeelewa, kwamba aliona mtoto wa mtu mwingine. Maskini baba alisimama pale akimpungia mtoto wa kizungu asiyemjua, na moyo wake umejaa. Ningesema nini? Nikasema, "Ndiyo, Baba. Na mimi nilikuona."

Laiti ingeishia hapo. Lakini baba alikuwa kinyozi, na kinyozi anaishi kwa hadithi. Taulo la manjano likawa hadithi ya saluni. Kila mteja mpya aliisikia, nami nikipita na mkoba wa shule niliitwa nithibitishe. "Mwulizeni mwenyewe!" Nikathibitisha. Ikasimuliwa kanisani. Ikasimuliwa nilipofaulu darasa la saba, na kwenye mahafali ya chuo, mbele ya wenzangu. Kila mara taulo liliongezeka urefu kidogo. Nilipofika miaka kumi na sita nilianza kuondoka chumbani akianza. Alidhani namwonea aibu, lafudhi yake na kaptura yake. Nilimwona akidhani hivyo, na bado sikusema. Ningeanzaje kumwambia mtu kwamba siku ile aliyoachwa nyuma hakuangaliwa na yeyote, kwamba kwa mara nyingine alipunga na hakuna aliyegeuka?

Nilipopata kazi Nairobi alinisindikiza uwanja wa ndege. Tulifika saa nne kabla ya wakati, mama akilalamika njia nzima. Baba alisimama kwenye kioo, kila ninapogeuka yupo, mikono juu. Kabla sijaingia alikuwa amenishika mabega akasema, "Leo nimewahi. Umeona? Leo nimewahi kabisa." Nikadhani ni maneno ya mzee tu, nikacheka, nikaingia. Aliendelea kuihuisha karatasi yake, kila mara akaambiwa arudi. Hakupanda meli, wala ndege. Harusi yangu aliiona kwenye simu.

Sasa turudi juzi. Nimekaa kwenye kile kiti, kitenge mapajani, na jirani yetu akaingia. Amezeeka, magoti yamemwisha, lakini bado anasuka palepale mlangoni. Alipokiona kitenge alijishika kifua.

"Yesu wangu. Ile kitu ingali iko?"

Akajivutia kigoda akakaa. 

"Nikuambie kitu, mutoto. Alinikataza, lakini sasa nani atanikataza? Siku ile hatukukuona. Tulikimbia toka kule bandarini, miye na kikapu, yeye na kitenge. Kufika, mulango wa kwenda kwa mawe iko na kufuli. Mulinzi alikatala. Anasema leo hakuna kupita, iko matengenezo. Baba yako akamuomba. Akatoa ile karatasi yake ya plastiki, akamuonyesha. Karatasi ya ukimbizi, kwa mulango wa watu wa kuvua samaki! Mulinzi akashangaa tu. Tukazunguka kwa mchanga, tunakimbia. Meli ilishatoka. Tuliona mugongo yake."

Nilimwuliza kama alipunga.

"Alipunga. Meli iko mbali, kidogo sana, yeye anapunga. Halafu akakaa chini akalia kama mutoto. Anasema, binti yangu amesimama kule juu ananitafuta. Atafikiri sikuja. Miye namwambia kula chapati, baba, kula. Hakugusa."

"Na taulo la manjano?"

"Taulo gani? Ile alijitungia. Alisema, nikimwambia nilimuona, hataniuliza nilikuwa wapi."

Mashine zilikuwa zimening'inia ukutani kila moja kwenye msumari wake. Nje mtu alipiga honi, taksi ikapita. 

Jirani akaniwekea mkono gotini. "Na weye, ulilia sana kule juu? Hicho ndicho kilimsumbua. Hata mwaka huu, tayari iko mugonjwa, aliniuliza. Sijui alisimama pale muda gani, alisema. Sijui alilia."

Basi nikamwambia. Ni mtu wa kwanza duniani kumwambia, wewe ni wa pili. Nikamwambia foleni, watoto ishirini, wakabaki wawili, bomba la bluu, maji puani. Alinikodolea macho.

"Ulikuwa unacheza?"

"Nilikuwa nacheza."

"Hukumtafuta?"

"Sikumtafuta. Nilisahau."

Alipiga paja lake, akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. "Eh, Mungu wangu. Mutoto alikuwa anacheza! Na yule muzee miaka yote ile anakuona umesimama peke yako unalia. Kama ungemwambia tu. Angechinja mbuzi."

Baada ya hapo nilifagia. Ndiyo kazi iliyonileta. Mwisho wa mwezi saluni inachukuliwa na kijana wa kutengeneza simu, viti tumempa kinyozi wa mtaa wa pili. Lile jengo la abiria la zamani halitumiki tena, wamejenga jipya la vioo, na sasa njia ya kwenda pale Point wameifungua, watu wanatembea na mbwa hadi karibu na mawe. Fleti yetu wanaishi watu wengine, na sikusikia mashine yoyote ikinguruma chini yao. Hayo yote ningeyavumilia. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba dawa ya baba ilikuwa mdomoni mwangu miaka yote hiyo, na mimi nikijiona mtoto mwema kwa kumnyima. Nilidhani ukweli utamuua. Kumbe alihitaji kusikia kwamba siku ile binti yake alikuwa amefurahi.

Nimekibeba kitenge. Jana nilikwenda nacho makaburini, nikakikunjua, na nikasimama pale muda mrefu nikitafuta namna nzuri ya kulisema. Hakuna namna nzuri. Nikalisema kama ningelisema siku ile tuliporudi, akiwa na mkate mkavu mkononi na chai mbele yake.

Baba, sikusimama. Nilikuwa nacheza.